Maneno ya Utumwa na Mwalimu wa Historia

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno ambayo mwalimu wa historia huyatumia anapolifikia somo la utumwa, na kuona kila neno lilitoka kinywani mwa nani kabla ya kufika ubaoni. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia shuleni kutokana na mabadiliko ya mitaala ya mwaka 2023, hufundishwa kwa Kiswahili hata katika sekondari, ambako kwa miaka mingi historia ilifundishwa kwa Kiingereza. Walimu wengi waliojifunza habari za utumwa kwa lugha ile hawana budi sasa kuzieleza kwa lugha hii, na baadhi yao hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kutafuta visawe tu. Sisi hatuoni kuwa jambo ni jepesi kiasi hicho. Kiswahili hakikusimama kando kikitazama utumwa. Kilitumika sokoni, shambani na safarini; na mwaka 1928, ilipoamuliwa ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, iliyochaguliwa ilikuwa Kiunguja, lahaja ya mji uliokuwa na soko kubwa la watumwa hadi mwaka 1873. Maneno mengi tuliyorithi kuhusu utumwa ni maneno ya wenye watumwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mtumwa ni jina litokanalo na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: mtu anayetumwa. Shina hilo hilo limetupatia mtume, mtumishi na utumishi, hata mtumishi wa umma anayesoma kurasa hizi ana undugu wa kisarufi na mtumwa, ingawa mshahara umewatenga. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba neno hilo hutaja kazi peke yake. Halisemi kwamba mtu huyu alitekwa, wala kwamba alinunuliwa, wala kwamba mtoto wake angeweza kuuzwa. Mgeni wa historia yetu akilisikia angedhani anatajiwa tarishi. Aliyelizoeza neno hilo alikuwa na haja ya kutuma, na habari za namna alivyompata wa kumtuma hazikumshughulisha.

Siku hizi wafasiri wamekutana na waandishi wa Kiingereza wanaokataa kuliita kundi hili kwa jina moja la kudumu, nao hutaka isemwe kwamba watu hao walifanywa watumwa. Baadhi ya wafasiri wetu wamechukua hatua ya kuandika “watu waliofanywa watumwa” kila mahali, hata sentensi ikawa ndefu kama msafara. Maoni yetu ni kwamba fungu hilo lina mahali pake, yaani pale habari inapohusu kitendo chenyewe cha kumwondolea mtu uhuru. Kiswahili tayari kina namna nzuri ya kusema hivyo: alitiwa utumwani. Kwa upande mwingine, mtu aliyekamatwa kijijini kwake karibu na Ziwa Nyasa, akafungwa, akatembezwa hadi Kilwa Kivinje, hakuwa mtumwa njia nzima. Alikuwa mateka. Aliitwa mtumwa na aliyemnunua. Mwalimu akiyatenganisha maneno haya mawili, wanafunzi wataona mara moja kwamba utumwa ulikuwa na mwanzo, na kwamba mtu huyo alikuwa na jina, ukoo na shamba kabla ya siku ile.

Baada ya mateka kufika pwani, lugha ilimpokea kwa majina mengi. Mwanamume aliitwa mtwana, mwanamke mjakazi. Aliyezaliwa pwani kwa wazazi watumwa aliitwa mzalia, naye alihesabiwa kuwa na hadhi kuliko aliyeletwa juzi. Huyu wa juzi aliitwa mjinga, na alikotoka kulikuwa kwa washenzi. Katika mashamba makubwa watumwa wenyewe waliwekewa vyeo, nokoa na kadamu, ili wawasimamie wenzao. Juu ya ngazi hii alikaa mwungwana, yaani mtu asiye mtumwa. Kitabu cha Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichochapishwa mwaka 1903 kwa usimamizi wa Carl Velten, kinayaeleza mengi ya mambo haya kwa Kiswahili fasaha, nacho kinafaa kuwekwa mbele ya mwanafunzi wa sekondari, kwa sharti la kumwambia kwamba anamsikia mwungwana akisema.

Tazama basi yaliyoyapata maneno hayo. Mjinga lilikuwa na maana yake ya jumla ya mtu asiyejua, na kutajwa kwa mtumwa mgeni kulikuwa matumizi mahususi. Matumizi hayo yamefutika, na taifa likautangaza ujinga kuwa adui pamoja na umaskini na maradhi. Uungwana umebaki kuwa tabia njema. Mshenzi limesafiri mbali kuliko yote. Neno ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara, na ambalo lilirahisisha kuwakamata, leo ni tusi la kila siku kutoka Mtwara hadi Mwanza, na watoto ambao mababu zao ndio waliokuwa wakiitwa hivyo hutukanana kwalo wakati wa mapumziko. Hatudai kwamba neno hilo lipigwe marufuku; maneno hayafi kwa amri ya ofisi. Tunadai tu kwamba mwalimu asiliache lipite katika kitabu au kinywani mwa mwanafunzi bila kueleza lilikotoka. Dakika kumi zinatosha.

Waliokuwa wakidharauliwa hawakukaa kimya juu ya majina. Katika misafara iliyokwenda Maniema na kuvuka mto Kongo walikuwamo wengi waliokuwa watumwa au waliotokana na watumwa, nao huko walijiita waungwana. Jina hilo liliwashika hata Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Mtu aliyekuwa ngazi ya chini Unguja alipanda juu kwa kuhama na kwa kulitwaa neno la bwana wake. Mwalimu anayefundisha habari za Kiswahili cha Kongo ana mfano mzuri hapa wa jinsi watumwa walivyofanya historia yao wenyewe.

Yapo pia maneno machache yanayotupa upande wa mtumwa, na ni hasara kwamba vitabu vya shule haviyatumii. Mjoli ni mtumwa mwenzi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelikuta neno hilo, lakini nje ya hapo limesahauliwa. Ni neno la watu wawili walio chini ya bwana mmoja wanaotambuana. Kibarua nalo lina historia yake: hapo awali ni barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa siku mjini Unguja, naye mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa na ujira wake ukagawanywa kati yake na bwana wake. Leo kijana anayetafuta kibarua bandarini hajui kwamba anatafuta karatasi ile.

Hata hivyo hakuna neno linaloishi shuleni kama mtoro. Kila daftari la mahudhurio nchini lina watoro wake. Mtoro wa karne ya 19 alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na kukimbia huko hakukuwa uvivu. Katika bara ya Mombasa na Malindi watoro walikuwa na makao yao Fuladoyo, yaliyojulikana sana katika miaka ya 1880. Kando ya mto Juba, katika nchi inayoitwa leo Somalia, watumwa waliotoroka walijenga vijiji msituni, katika sehemu ya Gosha. Baadhi yao walikuwa Wazigula waliouzwa kutoka nchi iliyo nyuma ya Tanga na Pangani katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, na wazao wao waliendelea kusema Kizigula huko kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowafukuza, wengine walirudi Tanga, wakapokewa Handeni na watu waliosema lugha yao, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Hapa mwalimu haulizwi athari za utumwa ni zipi. Anazo mbele yake, tena za watu walio hai. Wala hatusemi kwamba mwanafunzi mtoro asichapishwe jina lake ukutani, ingawa tungependa mwalimu wa zamu ajue kwamba neno analoliandika lilikuwa kwa watu fulani jina la ushujaa.

Sasa tuangalie istilahi za biashara yenyewe. Vitabu vingi huandika “biashara ya utumwa”. Mfanyabiashara huuza pembe, karafuu, nguo au watu. Hakuna jahazi lililowahi kupakia utumwa. Jina la dhahania limewaondoa watu katika sentensi, na mwanafunzi anaweza kuandika insha nzima ya kurasa nne bila kumtaja binadamu hata mmoja aliyeuzwa. Tunapendekeza “biashara ya watumwa” itumike daima, na “utumwa” libaki kuwa jina la hali na la mfumo.

Je, ni biashara ya nani? Tangu enzi za wamisionari imekuwa desturi kuiita ya Waarabu. Hapana shaka kwamba masultani wa Unguja waliitoza ushuru, na kwamba mabwana wa mashamba ya mikarafuu, wengi wao Waarabu wa Omani, walikuwa wanunuzi wakubwa. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na mateka wanatajwa humo bila haya. Lakini mwaka 1776 ni Mfaransa, Morice, aliyefanya mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe watu elfu moja kila mwaka, na soko lake lilikuwa visiwa vinavyoitwa leo Morisi na Reunion. Wafadhili wa misafara walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi. Waliokamata watu bara walikuwa mara nyingi watemi, majumbe na wapiganaji wa huko huko bara. Na katika karne ya 19, kama Abdul Sheriff alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1987, wengi wa walioletwa Unguja hawakupelekwa Uarabuni. Walibaki kuchuma karafuu ambazo zililiwa duniani kote. Mwalimu anayeitaja kabila moja anaokoa muda na kupoteza historia. Tunaona ni bora kila mtu aitwe kwa kazi aliyoifanya: mtekaji, mchukuzi, mfadhili, dalali, mnunuzi, mwenye shamba. Majina hayo yapo, hayahitaji kamati.

Jambo hili si la lugha tu. Katika darasa la Pangani, Kilwa au Chake Chake wameketi pamoja wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa waliolima, na aghalabu mtoto mmoja ni mjukuu wa wote wawili. Siasa za Unguja kabla na baada ya mwaka 1964 zimeonyesha moto unaoweza kuwashwa kwa kumbukumbu hizi. Kwa hiyo mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote aseme ametoka upande gani. Majina kama Mabruki, Feruzi na Majaliwa yalipewa watumwa wengi, nayo yamo bado katika orodha za shule. Yachambuliwe katika hati za zamani, yasichambuliwe katika daftari la darasa.

Neno moja la dukani linaweza kumvusha mwalimu kutoka mwambao huu hadi ng’ambo ya Atlantiki. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi bibi zetu walikiita amerikani au marekani. Kilifika hapa kwa merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba ambao Sayyid Said alifanya na Marekani mwaka 1833. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Kikifika Unguja kilibebwa bara kwenda kununua pembe, na pia kununua watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba ile, bei ya nguo ilipanda katika njia ya Tabora. Doti moja ya kitambaa imeunganisha mtumwa aliyechuma pamba na mtumwa aliyenunuliwa kwayo, nao hawakujuana.

Huko Marekani kazi ya kuwasaidia walimu ilianza mapema, na yafaa walimu wetu waijue. Carter G. Woodson, aliyezaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wote wawili walikuwa wametoka utumwani. Alifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, akaingia sekondari akiwa na miaka 20, akafundisha shule, na mwaka 1912 akapata shahada ya uzamivu ya Harvard. Mwaka 1915 alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Februari 1926 akaanzisha juma la historia hiyo, ambalo tangu 1976 limekuwa mwezi mzima. Na mwaka 1937 akatoa jarida la Negro History Bulletin kwa ajili ya walimu wa shule. Aliona kwamba mwalimu hawezi kufundisha asichoandikiwa. Mfasiri wa maandishi yake hukutana na Negro, jina ambalo wakati ule lilikuwa la heshima, hata W. E. B. Du Bois akapigania liandikwe kwa herufi kubwa, na ambalo vizazi vilivyofuata vililikataa. Ushauri wetu ni kuliacha jinsi lilivyo katika majina ya vyama na vitabu, na kwingineko kuandika watu weusi wa Marekani au Wamarekani wenye asili ya Afrika, kama Umoja wa Mataifa ulivyozungumzia watu wenye asili ya Afrika katika muongo wake wa 2015 hadi 2024.

Wamarekani hao nao wamekopa kwetu. Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 alichukua maneno yake katika Kiswahili. Baadaye Marimba Ani alilitwaa neno maafa kuwa jina la msiba wote wa biashara ya watumwa na yaliyofuata, nalo limeingia katika vitabu na masomo ya huko, likiandikwa kwa herufi kubwa. Kwetu maafa ni mafuriko, njaa au ajali ya meli, na serikali ina idara yake ya kuyashughulikia. Msomaji wa Kiswahili akiliona katika tafsiri, hushangaa. Wapo wanaosema turejeshe maana hiyo nyumbani. Tunasita, kwa kuwa maafa kwa Kiswahili hutokea, na mara nyingi hayana mtendaji. Utumwa ulikuwa na watendaji waliotia saini. Neno hilo lihifadhiwe kama jina maalumu la Kimarekani, na lielezwe mara ya kwanza linapotokea.

Tahadhari ni kwamba mtumwa wa Virginia na mtumwa wa Pemba wanaitwa kwa neno moja huku sheria zilizowafunga zilitofautiana. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Baba akiwa bwana wa shamba, mtoto wa mjakazi alibaki mali. Katika mwambao huu, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana alimzaa na suria wake alikuwa huru na alirithi, na mama huyo hakuuzwa tena. Sultani Barghash mwenyewe alikuwa mwana wa suria wa Kihabeshi. Kwa hiyo neno suria lisitumike kabisa kwa mwanamke wa Marekani. Lakini mwalimu ajihadhari na wale wanaotoka hapo na kusema kwamba utumwa wa pwani ulikuwa wa upole. Mtoto wa watumwa wawili alizaliwa mtumwa, na mikarafuu ya Pemba ilichumwa na watu ambao hawakuulizwa.

Suria huyo huyo anatufikisha kwenye istilahi zinazokosewa kuliko zote, nazo ni za kumalizika kwa utumwa. Karatasi za mtihani hujaa sentensi kwamba utumwa ulikomeshwa mwaka 1873. Mkataba wa tarehe 5 Juni mwaka huo, kati ya Barghash na Waingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga soko. Waliokuwa watumwa Unguja na Pemba siku ile waliamka watumwa kesho yake, na magendo ya Pemba yaliendelea. Matangazo ya 1876 yalikataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud aliifuta hali ya utumwa kisheria, na kitenzi hapa kiwe kufuta, kwa sababu mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe atakapokaa na atakavyojilisha, na fidia akalipwa bwana. Neno fidia linastahili swali la mwanafunzi: nani alimfidia nani? Masuria walitengwa na amri hiyo, wakihesabiwa kama wake, hadi amri ya mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907.

James Mbotela, mzao wa watu waliookolewa na kukalishwa Freretown, Mombasa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ndani yake Mwingereza ni mkombozi. Hatuoni sababu ya kukiondoa maktabani, maana ni sauti ya nadra ya watu wenyewe. Kisomwe sambamba na amri ya 1897, na wanafunzi wahesabu ni wangapi waliojikomboa kwa miguu yao kabla manuwari haijafika.

Katika Tanganyika hesabu ni ngumu zaidi. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu, mmoja mmoja, na amri yao ya mwaka 1904 ikasema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Hali yenyewe ilifutwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Mwalimu aandike ubaoni habari ya ndugu wawili, mmoja aliyezaliwa Novemba 1905 na mdogo wake aliyezaliwa 1907, nyumba moja na mama mmoja, na awaulize wanafunzi kila mmoja wao alikuwa nani kisheria mwaka 1920, na ni neno gani la Kiswahili mdogo angemwitia mkubwa wake.